Nyambizi za makumbusho: Gosport, Chicago, Cherbourg, Groton au Visakhapatnam, uende ipi?

Umeshaamua kwamba siku moja lazima uingie ndani ya nyambizi ya kweli, ile iliyowahi kuzama na watu ikaibuka nao. Kinachobaki ni ipi. Ukizitafuta mtandaoni picha zote zinafanana, mabomba, saa za presha, vitanda vyembamba vya kupandana, na kila makumbusho yanajisifia kwamba ya kwao ndo ya pekee duniani. Kwa hiyo nimechukua tano ambazo ndugu zetu walioko Uingereza, Ufaransa, Ubelgiji na Marekani, na wale wanaosoma au kusindikiza wagonjwa India, wanaweza kuzifikia bila kuhangaika sana, nikazipitisha kwenye vigezo vilevile.

Msimamo wangu nautoa mapema. Usianze na jina wala ukubwa, anza kwa kuuliza inatunzwaje. Nyambizi imejengwa itembee, ipakwe rangi, ivutwe ikaguliwe, irudi kazini. Ikishasimama mahali pamoja miaka arobaini chuma kinaliwa tu, na namna wenyewe walivyoamua kupigana na hiyo kutu ndo inaamua utaingia mpaka wapi, utaona nini, utalipa nini, na kama chombo kitakuwepo bado mwanao akiwa mtu mzima.

Vigezo nilivyotumia

Cha kwanza ni huo utunzaji. Njia ziko nne kwa ujumla: kuiacha ielee, kuiweka kwenye chelezo (bwawa la kutengenezea meli) kilichotolewa maji, kuipandisha nchi kavu ikakaa nje, au kuijengea nyumba. Kuelea kunapendeza macho kuliko zote maana unaiona ilivyozoea kukaa, ila nusu ya bodi iko chini ya maji ambako hakuna anayeifikia, na kila baada ya muda lazima ivutwe ipelekwe chelezoni, na hapo pesa inayotakiwa inatisha. Zilizokosa hiyo pesa zimeshapotea. Pale Providence, Marekani, kulikuwa na nyambizi ya Kisovieti K-77 iliyokuwa makumbusho, ikazama gatini kwenye dhoruba ya Aprili 2007, wakaiibua mwaka uliofuata, haikutengenezeka, ikaishia kuwa chuma chakavu. USS Clamagore iliyokuwa South Carolina nayo ilielea hapo miaka mingi, wakashindwa gharama, 2022 ikapelekwa kukatwakatwa. Inauma sana hiyo kwa yeyote anayejali vitu hivi, kwa sababu nyambizi ikishakatwa haina namna ya kurudi.

Ukiiweka nchi kavu nje umeondoa tatizo la kuzama lakini mvua inaingia kati ya ganda la nje na bodi lenyewe la ndani linalobeba presha ya bahari, maji yanatuama kwenye vipenyo ambavyo brashi ya rangi haifiki, na kama ni pembeni ya bahari basi upepo wa chumvi unafanya kazi usiku na mchana. Kuijengea nyumba ndo salama zaidi, na ndo ghali zaidi kuanza.

Cha pili, unaruhusiwa kuingia mpaka wapi. Sio zote unatembea kutoka kichwa hadi mkia.

Cha tatu, historia yake, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu kuna watu wanadhani nyambizi ni habari za Wazungu na Wajapani tu. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya abiria Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa na msafara kuelekea Colombo, ilipigwa topido, yaani kombora linalokwenda chini ya maji, na nyambizi ya Kijapani I-27 karibu na visiwa vya Maldives. Ndani yake kulikuwa na watu 1,511, karibu elfu moja wakiwa askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Ilizama ndani ya dakika tatu hivi, wakafa watu 1,297. Kuna familia Kenya, Uganda na Tanganyika za wakati ule zilizopoteza kijana pale na hazina kaburi la kulizuru. Kwa hiyo ukisimama mbele ya mirija ya topido Gosport au Chicago, ujue kifaa cha aina hiyo kimetugusa na sisi.

Cha nne, mwili wako na watu unaoenda nao: magoti, presha, hofu ya sehemu zinazobana, watoto, wazee. Cha tano, safari na pesa. Bei sitaji tarakimu maana zinabadilika kila msimu, nitasema tu ipi bure, ipi ghali.

HMS Alliance, Gosport, Uingereza

*Historia.* Ilijengwa na Vickers-Armstrongs kule Barrow, ikaingizwa majini Julai 1945, yaani vita ya Ulaya ishaisha, ikaanza kazi rasmi 1947 na kuendelea mpaka mwanzoni mwa miaka ya sabini. Haikupiga meli ya adui hata moja. Mwaka huohuo wa 1947 ilipelekwa pwani ya Afrika Magharibi ikakaa chini ya maji siku 30 mfululizo ikipumua kwa bomba la hewa linalochungulia juu, kujaribu kama watu na mashine wataweza. Leo ni kumbukumbu rasmi ya wanamaji wa nyambizi wa Uingereza waliokufa, na vita mbili kuu za dunia peke yake zinahesabiwa 4,334. Watu wanaingia pale kimya, utaliona hilo.

*Inavyotunzwa.* Hii ndo inafundisha kuliko zote tano. Ilifunguliwa kwa wageni 1981 ikiwa imenyanyuliwa juu ya miguu ya chuma, lakini chini yake bahari ikaachwa inapanda na kushuka na maji. Miaka thelathini ya mvuke wa chumvi kutoka chini, mvua kutoka juu, na njiwa waliojenga viota ndani ya ganda, mavi yao yanakula chuma kabisa, mpaka vipande vya mbele na nyuma vikaanza kumeguka. Ikabidi itafutwe kama pauni milioni 7, sehemu kubwa pesa za bahati nasibu ya taifa zinazotengwa kwa urithi, wakajaza eneo la chini ili mafundi wapate pa kusimama, wakakata mabati yaliyooza wakaweka mapya, wakazuia njiwa, wakapaka rangi. Ilifunguliwa tena 2014 na Prince William. Sasa mafundi wanaifikia kila upande kwa miguu, na hilo tu ndo limeiokoa.

Ukiwa hapohapo usiondoke bila kuiona Holland 1, na kwa upande wangu hii peke yake inatosha kulipia safari. Ndo nyambizi ya kwanza ya jeshi la majini la Uingereza, 1901, ndogo tu, mita 19 na ushee, wafanyakazi wanane. Ilizama 1913 ikivutwa kwenda kuuzwa chuma chakavu, ikapatikana 1981 karibu na mnara wa taa wa Eddystone, ikaibuliwa 1982. Wakaipaka dawa ya kuzuia kutu wakaiweka hadharani, wakadhani yameisha, kumbe chumvi ilishajipenyeza ndani ya chuma chenyewe na kutu inaendelea kutokea ndani kwenda nje, yaani unapaka rangi juu na chini yake panaoza. Miaka ya tisini wakachukua uamuzi mgumu, wakajenga tangi kubwa kuizunguka, wakajaza maji yenye sodiamu kaboneti, wakaiacha imezama humo kuanzia 1995 mpaka 1998 ili ile chumvi itoke polepole. Ilipotoka wakaijengea nyumba yake inayodhibiti unyevu wa hewa, 2001. Ukiikaribia utaona mabati yana vidonda na matundu, hawakuyaziba, wameacha ionekane ilivyopona. Nyambizi iliyokaa chini ya bahari karibu miaka sabini leo unaigusa kwa macho kwa umbali wa mkono, na hiyo ni kazi ya watu waliokataa kukata tamaa.

*Ndani.* Alliance unatembea yote, chumba cha topido mbele, vitanda, jiko dogo sana lililokuwa linalisha watu zaidi ya sitini, chumba cha kuendeshea chenye darubini, injini mbili za dizeli, mota za umeme, mpaka nyuma. Wengi wa wanaokuongoza ni wanamaji wastaafu wa nyambizi, sio watu waliokariri maelezo, kwa hiyo uliza maswali, uliza walikuwa wanaoga vipi, walikuwa wanalala vipi, watakwambia.

*Safari na pesa.* Treni kutoka London mpaka Portsmouth Harbour ni saa moja na nusu mpaka mbili hivi, ukishuka unapanda feri ndogo dakika chache unavuka Gosport. Tiketi sio bure, ila ukiunganisha na vyombo vingine vya Portsmouth, HMS Victory na Mary Rose, inakuwa nafuu kuliko kukata kimoja kimoja.

*Inamfaa nani.* Anayetaka kusimuliwa na mtu aliyefanya hiyo kazi, na anayependa kujua vitu vinaokolewaje. Haimfai sana anayetaka hadithi ya mapigano, maana haikupigana.

U-505, Chicago, Marekani

*Historia.* Kwa hadithi hakuna inayoifikia hii. Nyambizi ya Ujerumani aina ya IXC, iliyojengwa Hamburg, iliyoanza kazi 1941. Tarehe 4 Juni 1944, siku mbili kabla majeshi ya Washirika hayajashuka Normandy, ilikamatwa mbali kidogo na pwani ya Afrika Magharibi, upande wa Rio de Oro, na kundi la meli za Marekani chini ya Kapteni Daniel Gallery. Wajerumani walipigwa mabomu yanayolipuka chini ya maji, wakaibuka, wakaiacha nyambizi na kujitupa baharini huku wamefungua mahali pa kuingizia maji ili izame. Luteni Albert David akaingia na watu wake ndani ya chombo kinachozunguka chenyewe, kinachojaa maji, ambacho kingeweza kuwa kimetegwa mabomu, wakakuta maji yanafoka kwenye tundu lililofunguliwa na mfuniko wake uko hapohapo, wakaufunga. Wakatoka na vitabu vya siri na mashine za Enigma, zile za Wajerumani za kuandikia ujumbe kwa mafumbo. Luteni David alipewa nishani ya juu kabisa ya Marekani. Mateka walifichwa kambini Louisiana bila kuruhusiwa hata kuandika barua, na familia zao Ujerumani zikaambiwa wamekufa, mpaka vita vilipoisha. Fikiria mama anayemwombolezea mwanae aliye hai.

*Inavyotunzwa.* Baada ya vita jeshi lilitaka kuifanya shabaha ya mazoezi. Gallery alikuwa mtu wa Chicago na ana nduguye padri huko, wakapigania ije kwao, ikavutwa kupitia maziwa makuu ya Marekani Kaskazini na mwaka 1954 ikavushwa barabara kubwa ya Lake Shore Drive. Vifaa vingi vya ndani vilikuwa vimeng'olewa, wakaviandikia viwanda vya Ujerumani vilivyovitengeneza mwanzo, na vyenyewe vikatuma vipuri bure kwa sababu havikutaka kazi yao ionekane mbovu. Halafu ikakaa nje miaka hamsini, majira ya baridi ya Chicago mnayajua, barafu ikapasua, jua likachoma. 2004 wakachimba shimo lenye kina cha kama mita 13, wakaiteremsha nzimanzima, wakajenga ukumbi juu yake, ukafunguliwa 2005. Gharama zilifika dola milioni 35 hivi. Kati ya hizi tano, ndo ya pekee iliyo ndani ya jengo kabisa, na kwa upande wa uhai wa baadae nadhani iko mbele.

*Ndani.* Ukumbi wenyewe unaizunguka nyambizi yote, unaiona kuanzia chini ya tumbo mpaka mnara, matundu ya risasi za siku ile yapo, na hiyo huhitaji kuingia popote wala kupanda kitu. Kuingia ndani ni tiketi ya nyongeza, kwa saa maalumu, na kuna mtu anawaongoza, mnapita haraka kuliko Gosport. Hilo linawakera baadhi ya watu na nawaelewa.

*Safari na pesa.* Kiingilio cha makumbusho haya, Griffin Museum of Science and Industry, ni cha juu, na nyambizi juu yake. Lakini ndani kuna mambo mengine ya siku nzima, watoto hawachoki.

*Inamfaa nani.* Familia yenye umri mchanganyiko, bibi aliyekuja kutembelea wajukuu, mtu mwenye magoti mabovu, mtu anayeogopa kubanwa lakini anataka kuiona kwa karibu. Na mpenzi wa historia ya vita, bila shaka.

(Mtu aliyeko Ujerumani asihangaike kufika Chicago kwanza. Laboe, karibu na Kiel, ipo U-995, ya mwisho iliyobaki duniani ya aina ya VII ambazo zilitengenezwa zaidi ya mia sita. Imekaa ufukweni kabisa, inabana kweli, vyoo viwili na kimoja wakati wa safari kiligeuzwa stoo ya chakula.)

Le Redoutable, Cherbourg, Ufaransa

*Historia.* Nyambizi ya kwanza ya Ufaransa ya makombora ya nyuklia. Iliingizwa majini hapohapo Cherbourg Machi 1967 mbele ya Jenerali de Gaulle, ikaanza kazi Desemba 1971, ikastaafu 1991. Nayo haikurusha hata kombora moja kwa adui, kazi yake ilikuwa kupotea. Inatoka, inazama, inajificha wiki nyingi na makombora 16, na hakuna anayejua iko wapi. Watu 135 ndani. Walikuwa wanapokea ujumbe mfupi kutoka nyumbani ila hawaruhusiwi kujibu hata neno, maana kujibu ni kujulisha adui uko wapi. Mtu anapata habari kwamba mtoto kazaliwa, anakaa nayo kifuani mpaka warudi.

*Inavyotunzwa.* Kwenye chelezo kikavu, nje, pembeni ya stesheni ya zamani ya meli za Atlantiki ambayo sasa ni makumbusho ya bahari, La Cité de la Mer. Kabla ya kuwafungulia watu 2002 ilibidi kwanza wakate kile kipande chote chenye kinu cha nyuklia, wakakiondoa, wakaweka bomba tupu la chuma mahali pake, wakaunga. Kwa hiyo ukitembea ukafika kwenye korido ndefu isiyo na kitu, hapo ndo kilipokuwa kinu. Chelezo kikavu kina faida kwamba unaona chombo kizima kutoka chini, na mafundi wanakifikia, na maji hayagusi bodi, ila bado ni hewa ya bahari ya Normandy, kwa hiyo rangi ni kazi isiyoisha.

*Ndani.* Urefu mita 128. Ukitoka kwenye nyambizi ya dizeli ukaingia hii unashangaa nafasi, kuna chumba cha kulia, sebule ya maofisa, ngazi za kupanda ghorofa, na ile sehemu ya mirija ya makombora ambayo inakufanya unyamaze. Unapewa kifaa cha kusikiliza maelezo sikioni na unakwenda kwa mwendo wako. Nyembamba kidogo kuliko unavyodhani kwenye milango tu. Watoto wadogo sana hawaruhusiwi ndani, kwa hiyo wenye wachanga mpeane zamu.

*Safari na pesa.* Paris Saint-Lazare mpaka Cherbourg ni treni ya kama saa tatu. Tiketi moja inakupa nyambizi, matangi ya samaki na ukumbi wa Titanic, ambayo ilipita Cherbourg tarehe 10 Aprili 1912 kuchukua abiria. Kwa bei naiweka katikati.

*Inamfaa nani.* Wenzetu wa Kongo, Burundi na Rwanda walioko Ufaransa na Ubelgiji wanaosikia Kifaransa vizuri kuliko Kiingereza watafaidi maelezo yote. Inamfaa pia mwenye hofu ya kubanwa anayetaka kuingia ndani hivyohivyo, maana kati ya zote tano hii ndo yenye nafasi zaidi.

USS Nautilus, Groton, Connecticut, Marekani

*Historia.* Ya kwanza duniani kuendeshwa kwa nyuklia. Iliingizwa majini Januari 1954, na tarehe 17 Januari 1955 ikatoka ikatuma ujumbe kwamba inakwenda kwa nguvu ya nyuklia. Tarehe 3 Agosti 1958 ikapita chini ya barafu ya Ncha ya Kaskazini, ya kwanza kufanya hivyo, chini ya Kamanda William Anderson. Kabla yake nyambizi zilikuwa meli zinazoweza kuzama kwa muda zikalazimika kuibuka kuchaji betri, kwa za nyuklia hiyo ikaisha. Kwa uzito wa kihistoria inaweza kuwa kubwa kuliko hizo nyingine nne.

*Inavyotunzwa.* Inaelea kwenye mto Thames wa Connecticut, na inamilikiwa na jeshi la majini lenyewe. Hilo la pili ndo linaisaidia hilo la kwanza. Mwaka 2021 ilivutwa ikapelekwa chelezoni, ikasuguliwa, ikatengenezwa, ikarudi 2022, na mradi ule ulitajwa kuwa wa dola milioni 36. Sasa linganisha na K-77 na Clamagore, chuma kilekile, maji yaleyale, tofauti ni nani anashika mfuko.

*Ndani.* Hapa niwe mkweli, unaingia sehemu ya mbele tu, chumba cha topido, vitanda, chumba cha kuongozea mashambulizi, sehemu ya kulia. Nyuma kwenye kinu na mashine hakuingiliki. Na vitu vingi viko nyuma ya vioo vya plastiki, na sanamu za watu. Aliyezoea kuona injini atahisi amekatwa katikati. Ngazi za ndani zimesimama wima, mtu wa presha aende taratibu.

*Safari na pesa.* Bure. Makumbusho ya nchi kavu bure, nyambizi bure. Kwa gari kutoka New York ni kama saa mbili na nusu, kutoka Boston kama mbili, na treni inashuka New London ng'ambo ya mto. Angalia siku za kufungua kabla hujatoka, hawafungui kila siku.

*Inamfaa nani.* Mwanafunzi wa fizikia au uhandisi, mwenye bajeti ndogo, familia kubwa ambayo tiketi za Chicago zingeitoa jasho.

INS Kursura, Visakhapatnam, India

*Historia.* Ilijengwa Umoja wa Kisovieti, ikapokelewa na India kule Riga Desemba 1969, ikafanya doria kwenye vita vya 1971 dhidi ya Pakistan, ikastaafu Februari 2001.

*Inavyotunzwa.* Ilivutwa mpaka ufukweni RK Beach, ikakokotwa mchangani ikakalishwa kwenye msingi wa zege, kazi iliyokula kama rupia milioni 55, na Agosti 2002 watu wakaanza kuingia. Imekaa nje, joto, unyevunyevu, upepo wa Ghuba ya Bengal usoni moja kwa moja. Kwa kigezo changu cha kwanza ndo yenye mazingira magumu kuliko zote, na ukiona bado iko imara ujue kuna watu wanaipaka rangi bila kuchoka. Wanastahili heshima kubwa, wanafanya bila mfuko wa Chicago.

*Ndani.* Urefu mita 91, unapita yote, mirija sita ya topido mbele na minne nyuma, na waongozaji wengi ni wanamaji wastaafu. Siku za sikukuu inajaa, mnasogea kama abiria kwenye korido ya basi, na joto ndani linazidi. Asubuhi mapema ndo wakati wake.

*Safari na pesa.* Rahisi kuliko zote ukiondoa ile ya bure. Ukivuka barabara kuna ndege kubwa ya doria ya kuwinda nyambizi, Tu-142, nayo imekuwa makumbusho tangu 2017, kwa hiyo unaona mwindaji na mwindwa siku moja.

*Inamfaa nani.* Wanafunzi wetu walioko India, na anayetaka kuona nyambizi ya muundo wa Kisovieti bila kutafuta viza ya Ulaya.

Sasa kwa hali yako

Uko London na una siku moja tu, nenda Gosport, na gawa muda wako uibakizie Holland 1 ya kutosha, watu wengi wanaiacha mwisho wamechoka.

Una mzee au mtoto mdogo, Chicago, mkae ukumbini, halafu mmoja wenu mwenye magoti mazima aingie ndani. Mjamzito, mwenye kiti cha magurudumu na mwenye shida ya pumzi wapige simu au waandike kwanza popote waendako, kwa sababu milango ya nyambizi haiwezi kupanuliwa bila kuiharibu, na mara nyingi wameandaa video au picha za ndani kwa ajili yao.

Kinachokuvuta ni mashine, injini, mota, betri, usiende Groton ukategemea hayo, nenda Gosport au Visakhapatnam. Kinachokuvuta ni nyuklia, basi chagua kati ya Groton na Cherbourg kwa swali moja: unataka kusimama ndani ya ile ya kwanza kabisa hata kama ni nusu, au unataka kutembea kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mimi binafsi kwa mtu anayeona nyuklia mara ya kwanza ningempeleka Cherbourg, lakini mwalimu wa fizikia ningemwelewa akisema Groton.

Unaogopa kubanwa, anza Cherbourg, ukiweza hapo ndo ujaribu za dizeli.

Pesa ni kidogo na uko mashariki mwa Marekani, Groton, na kama una chochote cha kuweka kwenye boksi la michango pale makumbusho, weka.

Na kama una siku tatu nne pamoja na viza ya Uingereza na ya Schengen zote mbili, unganisha. Asubuhi Gosport, usiku ulale Portsmouth, halafu feri ya kutoka Portsmouth kwenda Cherbourg, ushuke uende kwa Redoutable. Utakuwa umetoka kwenye dizeli ya 1945 ukaingia kwenye nyuklia ya 1967 kwa kuvuka bahari ileile zilizokuwa zinapita chini yake. Ratiba za hiyo feri zinapungua sana majira ya baridi, kwa hiyo kata tiketi ya feri kwanza ndo upange siku za makumbusho.